Pingamizi la Mama Tiketi

Dirisha la kwanza la kituo chetu lilikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, na nyuma ya kioo hicho alikaa mwanamke mmoja kwa miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mama Tiketi. Mimi nilikaa dirisha la pili katika miaka tisa ya mwisho ya kazi yake, kwa hiyo ninayosimulia hapa mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe alipokuwa amekwisha kustaafu, tukiwa tumekaa jikoni kwake.

Alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa ulimi. Abiria angefika anahema, treni inakaribia kuondoka, naye bado anapapasa mifuko, kumbe tiketi yake imeshachanwa zamani. "Haya kimbia, mwanangu, treni haina mjomba!" Watu kwenye foleni wangecheka, hata yule anayekimbia angecheka. Alijua nani anashuka wapi bila kuuliza. Alijua pia nani ameachwa na mume na nani amepata kazi mpya, maana mtu mzima akibadilisha kituo cha kushukia, alikuwa akiniambia, basi kuna jambo limebadilika nyumbani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa msimamizi wetu. Matangazo yote ya kituo, kabla kompyuta hazijaja, yeye ndiye aliyeyaandika kwa mkono.

Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika saba kutoka dirishani. Mumewe, mkaguzi wa reli, mtu mrefu asiye na maneno, aliyeshinda akitembea juu ya mataruma na nyundo yake, ndiye aliyeijenga. Aliijenga Jumamosi kwa Jumamosi, miaka minne. Ilikuwa nyumba ya chini, vyumba viwili, sebule na jiko, na nyuma yake uwanja mkubwa ambao hawakuwahi kuutumia kwa lolote zaidi ya kuanika nguo. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Viwanja vipana, nyumba ndogo, ua wa michongoma, na ukimya hata mtu angeweza kusikia mlango wa jirani ukifungwa.

Sheria ndiyo iliyotaka hivyo. Kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja, bila ghorofa. Iliandikwa zamani, mji ulipokuwa mdogo na treni ikivuta mabehewa mawili. Mji ukapanuka, sheria ikabaki palepale. Waliokuja nyuma hawakupata pa kupanga karibu na reli, wakasukumwa nje, na nje ya nje, hadi wengine wakawa wanapanda mabasi mawili ndipo waifikie treni. Na pale kituoni, ambapo mtu angetoka nyumbani kwa miguu yake, tulikuwa tumezungukwa na wazee mia mbili tatu na michongoma yao. Mimi mwenyewe niliishi kituo cha mwisho. Sikuwahi kuona ajabu. Ukizaliwa na kibyongo unadhani migongo yote iko hivyo.

Mama Tiketi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali iliyo vituo viwili kutoka kwetu. Binti huyo aliolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole mwenye makovu ya cheche mikononi, na walikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyesema tangu anaamka hadi analala. Bibi yake alimpa jina la Chiriku. Walipanga huko mbali kuliko hata kwangu. Binti aliamka saa tisa na nusu alfajiri, akatembea, akapanda basi, akashuka, akapanda basi jingine, akaja kwenye treni. Nilimwona mara nyingi akipita kituoni kwetu dirishani mwa behewa, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi, usingizi umemchukua. Mama yake naye alimwona. Kuna siku aligonga kioo cha dirisha letu kwa pete yake, ko ko ko, kana kwamba sauti ingefika hadi kwenye treni. Treni ikaondoka.

"Njooni mkae kwangu," alimwambia binti yake mara kadhaa, hasa baada ya mumewe kufariki. Mzee alikuwa amejilaza mchana mmoja baada ya kula, hakuamka.

Binti alikuwa na jibu lile lile. "Mama, chumba changu cha utotoni ukuta wake ni ukuta wa chumba chako. Mume wangu akikohoa unaamka. Sisi ni watu wazima, na mtoto juu."

Ndipo Jumapili moja wakaja wote watatu na karatasi ya daftari. Mkwe ndiye aliyechora. Vyumba viwili, choo, kibaraza kidogo, vyote nyuma kabisa ya uwanja, mahali pa kamba za kuanikia. Alikuwa amekuja na futikamba, akapima mbele ya mama mkwe wake huku Chiriku akishika ncha ya pili na kusoma namba alizozibuni mwenyewe.

"Tumeshauliza ofisi ya mipango miji," binti akasema. "Kwa sasa hairuhusiwi nyumba ya pili kwenye kiwanja. Lakini kuna mpango mpya unaandaliwa, mama. Karibu na vituo vya treni wataruhusu. Ukipita tu, tunaanza msingi."

"Tutaona," Mama Tiketi akasema. Akamtazama mkwe wake. "Na hicho kibaraza ukifanye kikubwa. Mimi nitakaa wapi nikija kuwasumbua?"

Wakacheka. Aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika uwanjani mle tangu msiba.

Mpango ukatoka baada ya miezi mitano. Ofisi ilibandika ramani kubwa kituoni kwetu, ukutani kati ya madirisha mawili, na mtu yeyote aliyekuwa na la kusema alipewa siku sitini. Duara la rangi ya chungwa lilikizunguka kituo: kila kiwanja kilichokuwa ndani ya mwendo wa dakika kumi kingeruhusiwa nyumba za pamoja hadi ghorofa nne, na nyumba za uani juu ya viwanja vya zamani. Mama Tiketi, aliyekuwa amestaafu mwaka mmoja nyuma, alikuja kuitazama. Aliweka kidole juu ya kiwanja chake, kisha akakisogeza hadi kwa jirani yake wa kulia, kwa daktari wa meno mstaafu.

"Ghorofa nne, hapa?" akaniuliza. "Watu wanichungulie nikianika shimizi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nataka nimtendee haki. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa mjane wa miaka miwili, na kila tofali la nyumba ile lilikuwa limeshikwa na mkono uliokuwa chini ya ardhi. Alipofikiri juu ya winchi na malori ya kokoto ukutani kwake, alihisi wanakuja kumzika mumewe mara ya pili. Na yule daktari wa meno alijua kusema na watu waliofiwa, maana alikuwa ametumia maisha yake yote kuwaambia watu wafungue midomo na wasiogope. Aliitisha kikao sebuleni kwake Jumamosi alasiri, akawaandalia viti, akawaeleza kwamba mtaa utakufa. Wakakubaliana kuandika pingamizi. Nani ana mwandiko mzuri? Wote wakamgeukia Mama Tiketi.

Akaandika. Kuhusu maghorofa hapakuwa na ubishi. Walipofika kwenye nyumba za uani, daktari wa meno akasita. "Hizi nazo tuzipinge?"

Mama Tiketi akakumbuka karatasi ya daftari. Akamvuta daktari pembeni, akamweleza habari ya binti yake.

"Ah, yako hiyo ni ndogo," daktari akamwambia. "Sisi tuweke msimamo kwanza. Baadaye wewe unaenda ofisini polepole, unaomba kibali maalum. Mjane, mtoto mmoja, nani atakukatalia?"

Akarudi mezani. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi kikamilifu, na kwa kuwa miaka thelathini na moja ilimfundisha kwamba ukimpitisha mmoja bila tiketi watapita kumi, akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyemwomba aiandike. Aliisoma kwa sauti: "Tunaomba nyumba ya pili isiruhusiwe katika kiwanja chochote, na ofisi isitoe kibali maalum kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote." Aliniambia kwamba alipoandika neno "yeyote" hakujihesabu yeye mwenyewe. Wakampigia makofi. Wakatia saini watu themanini na sita.

Kikao cha wazi kilifanyika ukumbi wa baraza la mji, saa nne asubuhi. Nilikuwa na zamu ya mchana, nikaenda. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Wazee walikuwa wamejaa safu za mbele, wamevaa vizuri. Vijana walikuwa wachache mno. Saa nne asubuhi kijana yuko kazini, au yuko njiani kwenda kazini.

Mmoja wa wachache hao alikuwa binti yake. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, viatu vyeupe vina doa la dawa. Alisimama akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni muuguzi," alisema. "Hospitali yetu iko vituo viwili kutoka hapa. Kwenda na kurudi natumia saa tano kwa siku. Wodini kwetu tuko wauguzi kumi na wanne, na hakuna hata mmoja anayeishi mahali pa kutufikia upesi tukimhitaji ghafla. Nina mtoto. Asubuhi namwacha amelala, jioni namkuta amelala. Sijaomba kujengewa. Naomba turuhusiwe." Akasita kidogo, akawa kama anatafuta neno jingine, akakosa. "Ni hayo tu."

Hakutaja kwamba mama yake yuko safu ya pili. Hakumtazama.

Mama Tiketi aliitwa baada ya watu wanne. Alisimama, akajinyoosha, na nikajua kabla hajafungua kinywa kwamba atashinda. "Waheshimiwa madiwani, mimi nimeuza tiketi miaka thelathini na moja. Watu wa treni nawajua. Ukimpa nafasi ya kusimama, anataka kiti. Ukimpa kiti, anataka dirishani." Ukumbi ukaangua kicheko, hata mwenyekiti. Kisha akashusha sauti, akawaeleza juu ya mumewe na Jumamosi za miaka minne, na mikono yake iliyochubuliwa na chokaa. Mwanamke mmoja karibu nami alitoa kitambaa. Dakika tatu zilipoisha hakuna aliyegonga meza.

Mimi nilikuwa nimejiandikisha kusema. Jina langu lilipoitwa nikabaki nimekaa. Ningesimama kumpinga mama aliyenifundisha kazi, mbele ya watu? Hivyo nilijiambia. Mpango ukaahirishwa bila tarehe, na sote tulijua maana yake.

Nje, kwenye ngazi, binti alimsubiri mama yake. Nilikuwa nyuma yao hatua tatu.

"Mama, umesema vizuri," alisema.

"Mwanangu, sikiliza. Yako nitaishughulikia. Daktari ameniambia kuna kibali maalum."

"Sawa, mama."

"Nakwambia nitaishughulikia!"

"Nimesikia, mama. Niwahi treni."

Mama Tiketi aliacha miezi mitatu ipite ili mambo yatulie. Kisha akavaa gauni lake la kanisani, akachukua karatasi ya daftari ya mkwe wake, akaenda ofisi ya mipango miji. Alipokelewa na afisa kijana mwenye miwani, mwanamke wa heshima, aliyemvutia kiti na kusikiliza hadi mwisho. Akaitazama ile karatasi, akaisifu. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa faili.

"Mama," alisema taratibu, "sisi tulikuwa na uwezo wa kutoa kibali maalum kwa hali kama yako. Ulikuwa utaratibu wa ndani tu. Wananchi walipoandika kuupinga, baraza likaufuta. Soma hapa."

Mama Tiketi hakuhitaji miwani kuisoma. Herufi zilikuwa zake, zimelala kulia kama zilivyolala maisha yake yote.

"Huu mwandiko ni wa nani, mama?" afisa akauliza, si kwa ubaya, ni kwa sababu uso wa mwenzake ulikuwa umebadilika.

"Ni wangu."

Afisa akafunga faili. Akamwuliza kama angependa maji. Mama Tiketi akasema hapana, asante, ana haraka. Akatoka nje, akakaa kwenye benchi la korido hadi ofisi zilipofungwa kwa chakula cha mchana. Mchimba kisima huingia mwenyewe, mtu atasema. Lakini atakayesema hivyo hakumwona kwenye benchi lile. Mimi niliitwa nikamchukue.

Binti hakumlaumu. Ingekuwa afadhali. Alianza tu kuja kwa nadra, kisha akaacha kuja Jumapili kwa sababu Jumapili ndiyo siku pekee ya kulala. Mwaka ule alishika mimba ya pili. Mama yake alifurahi mno, akaanza kufuma soksi. Mimba ilipofika miezi mitano, jioni moja akitoka kazini, amesimama kwenye basi la pili kwa kuwa hapakuwa na kiti, maumivu yakamshika. Abiria walimshusha. Mtoto hakupona.

Daktari wa hospitali hakusema kwamba chanzo ni safari. Hakusema pia kwamba si safari. Alisema mambo haya hutokea.

Mama Tiketi aliambiwa baada ya wiki tatu, na aliyemwambia ni mkwe, kwa simu. Alipompigia binti yake, alisema huku analia. "Wiki tatu, mwanangu? Wiki tatu mimi nafuma soksi?"

"Sikutaka kukusumbua, mama," binti akajibu. "Ni mbali."

Mwaka haukuisha, mkwe akapata kazi katika karakana ya mji mwingine, safari ya siku nzima na nusu ya pili. Huko hospitali ilikuwa inatafuta wauguzi, na iliwapa nyumba ng'ambo ya barabara. Walikuja kuaga siku ya kazi, mchana, wakakaa saa moja. Chiriku, sasa ana miaka mitano, alizunguka uwanja wote akiuliza nyumba yao itajengwa lini na nani amechukua namba zake. Mama yake akamwambia aende akavae viatu.

Mwanzoni walizungumza kwa simu kila jioni. Mtoto angeshika simu akamwaga maneno hadi anyang'anywe. Baadaye ikawa Jumamosi. Baadaye mtoto akawa anasukumwa kuongea, unamsikia mama yake kwa mbali akisema "msalimie bibi", naye anasema "shikamoo bibi", kisha kimya, kisha sauti ya kitu kinachochezewa. Siku moja nilikuwa pale jikoni. Mama Tiketi alikata simu, akaiweka mezani, akaisukuma mbali kidogo.

"Watu husema majuto ni mjukuu," aliniambia. "Kwangu mimi mjukuu kaondoka, majuto ndiyo yamebaki kunitunza."

Nikamwongezea chai.

Miaka sita ilipita. Baraza likabadilika, na mpango ukarudi, ule ule, safari hii duara ni la buluu. Daktari wa meno hakuitisha kikao. Wanawe walikuwa wamekwisha kuafikiana na mjenzi, na kiwanja chake kilisubiri sheria ipite tu. Alipokutana na Mama Tiketi njiani alivuka barabara.

Mama Tiketi alijiandikisha kusema. Magoti yalikuwa yamekwisha, ikabidi nimshike mkono hadi kwenye kipaza sauti. Safari hii ukumbi ulikuwa na vijana wengi, kikao kiliwekwa jioni. Wengi hawakumjua. Alitaka kueleza yote kwa mpangilio, kama anavyoandika, akaanzia mbali: mumewe, nyumba, kazi yake ya tiketi, binti yake aliyekuwa muuguzi. Alipofika kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti akagonga meza.

"Asante mama, muda wako umekwisha. Unaunga mkono au unapinga?"

Alisimama akimtazama. "Naunga mkono," alisema. "Lakini sijamaliza."

"Tumekuandika, mama. Anayefuata."

Mpango ukapita kwa kura nyingi. Ungepita hata kama asingefika.

Usiku huo huo alimwandikia binti yake barua, barua kamili ya karatasi, kwa mwandiko ule. Jibu lilikuja kwa simu, sauti laini. "Mama, asante. Lakini huku tumeshajenga. Mtoto yuko shule, ana marafiki. Njoo wewe ukae na sisi."

Akaenda. Alikaa wiki saba. Walimpa chumba chenye dirisha kubwa, mkwe akamtengenezea kitanda cha chuma kwa mikono yake, na hakuna aliyemkosea adabu hata siku moja. Chiriku alikuwa binti mrefu, mkimya, anayesoma sana. Alimhudumia bibi yake kama mtu anavyomhudumia mgeni wa heshima. Asubuhi moja Mama Tiketi alimwuliza, "Unakumbuka ulivyokuwa ukinisomea namba za futikamba?" Mtoto akafikiri kwa bidii, akitaka kumpendeza, akasema, "Hapana, bibi. Samahani." Wiki ile ile Mama Tiketi akaomba arudishwe nyumbani.

Alijenga hata hivyo. Vyumba viwili, choo, kibaraza, kwa michoro ile ile, ingawa fundi alisema choo kingefaa upande wa pili. Upande wa kulia, mahali pa daktari wa meno, lilikuwa limesimama jengo la ghorofa nne, na watu walianika nguo zao kwenye roshani bila kumchungulia mtu. Nyumba ya uani akampangisha mama mmoja kijana na mumewe na mtoto wao mchanga. Mpangaji huyo ni mfanyakazi wa maabara, hospitali ile ile. Mimi pia nilihamia jengo hilo, chumba cha ghorofa ya tatu, na kutoka kwangu hadi dirisha la tiketi sasa ni dakika sita. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nalala hadi saa kumi na mbili, na kila nikilala najisikia vibaya kidogo.

Siku hizi akili yake inakuja na kupotea. Kuna siku ananiita kwa jina la msimamizi wetu wa zamani na kunilaumu kwa kuchelewa kufungua dirisha. Daktari wa hospitali amesema ni uzee, hakuna cha kutibu. Mpangaji ndiye anayemwogesha asubuhi kabla hajaenda kazini. Hakuna aliyemwomba, alianza tu.

Juzi nilimkuta mpangaji ameketi kibarazani, mtoto mgongoni, anajifuta macho. Nikamwuliza kuna nini.

"Mama kila asubuhi ananiita mwanangu," akasema. "Ananishika mkono, ananiuliza kama safari imenichosha. Namwambia, mama, mimi naishi hapa hapa, kazini ni vituo viwili tu. Anatikisa kichwa. Leo ameniambia, 'Usinifiche. Nimekuona kwenye treni umelala.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nimechoka kidogo. Akaniambia nilale kitandani kwake. Nimelala, dada. Dakika kumi nzima, ananipepea."

Jioni nilimpigia binti wa Mama Tiketi, nikamweleza hali yote ya mama yake isipokuwa hilo. Akasema ataomba ruhusa kazini, na shule zikifungwa mwezi wa nane atakuja na mtoto. Nikamwambia aje mapema kuliko hapo akiweza. Akasema atajaribu, ni mbali.